Chuo cha Jimbo, Amri ya Ikulu: Historia ya Chuo Kikuu cha Juba

Mkataba wa Addis Ababa uliotiwa saini Februari 1972 uliipa Sudani ya Kusini kitu ambacho haikuwahi kuwa nacho: serikali yake ya jimbo, yenye makao Juba, chini ya Baraza Kuu la Utendaji lililoongozwa na Abel Alier. Vita vya Anyanya, ambavyo mizizi yake ni maasi ya askari wa Torit mwaka 1955, vilikuwa vimekwisha. Kilichobaki ni kuliendesha jimbo, na watu wa kuliendesha walikuwa wachache mno. Shule ya kwanza ya sekondari ya juu huko Kusini, ile ya Rumbek, ilikuwa imefunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 tu. Wamisionari wa kigeni, walioubeba mzigo mkubwa wa elimu kwa miongo kadhaa, walikuwa wamefukuzwa mwaka 1964. Kijana aliyetaka shahada alilazimika kwenda Khartoum, au kuvuka mpaka kwenda Makerere. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1977, kilizaliwa na njaa hiyo ya elimu. Historia yake husimuliwa mara nyingi kama mkasa wa vita: chuo kikajengwa, vita vikakifukuza, amani ikakirudisha. Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini inaacha jambo zito zaidi. Chuo hiki kilipewa kazi ya jimbo, ila mamlaka juu yake hayakuwekwa jimboni. Kila msukosuko uliokipata tangu hapo umepitia katika ufa huo, na ufa huo haukuzibwa na uhuru wa mwaka 2011.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu wabunifu wake walifikiri vizuri. Mwaka huohuo wa 1975 serikali ya Rais Jaafar Nimeiry ilianzisha pia Chuo Kikuu cha Gezira huko Wad Medani, katikati ya mashamba ya pamba, na vyuo vyote viwili vilitarajiwa kuyatumikia maeneo yaliyovizunguka badala ya kuiga Chuo Kikuu cha Khartoum, kilichokua kutoka katika Chuo cha Kumbukumbu ya Gordon cha mwaka 1902. Ndiyo maana Juba haikuanza na mpangilio wa kale wa vitivo vya sheria, fasihi na sayansi. Ilianza na ndaki zilizopangwa kwa kufuata matatizo ya nchi: Elimu, kwa sababu walimu hawakuwepo, Rasilimali Asili na Mazingira, kwa sababu jimbo liliishi kwa ng'ombe, misitu, samaki na maji, na Sayansi za Jamii na Uchumi, kwa sababu serikali changa ilihitaji watawala na wapangaji. Elimu ya watu wazima na udaktari vikajiunga. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza, lugha ambayo mkataba wa 1972 ulikuwa umeikubali kuwa lugha kuu ya kazi Kusini. Kuweka mazingira katika jina la ndaki, katikati ya miaka ya 1970, ni jambo ambalo vyuo vingi vikongwe zaidi vya Afrika Mashariki vilikuwa bado kulifanya.

Thamani ya mpango huo inaonekana wazi ukiutazama Mfereji wa Jonglei. Mfereji wa kilomita 360 ulibuniwa ili kuyakwepesha maji ya Nile Nyeupe yasipotelee katika kinamasi cha Sudd, yafike Kaskazini na Misri. Oktoba 1974 wanafunzi na wakazi wa Juba waliandamana kuupinga, na damu ikamwagika. Hofu yao ilikuwa ya msingi: malisho ya Wadinka, Wanuer na Washilluk hutegemea mafuriko ya Sudd, na uamuzi wa kuyapunguza ulikuwa umefanywa mbali na wao. Uchimbaji ulianza mwaka 1978 na kusimama kwa sababu ya vita mwishoni mwa mwaka 1983, takriban theluthi mbili ya mfereji ikiwa imekwisha kuchimbwa. Jimbo linalokabiliwa na mradi wa namna hiyo linahitaji wataalamu wake wa maji, wa malisho na wa uchumi wa wafugaji, watu wanaoweza kuisoma hesabu ya mhandisi na kuijibu kwa hesabu nyingine. Chuo cha Juba kilikuwa mahali pa kuwalea watu hao.

Sasa tuyatazame mamlaka. Mkuu wa chuo alikuwa Rais wa Sudani, aliyekaa Khartoum. Bajeti ilitoka Khartoum. Udahili ulifuata mtihani wa cheti cha sekondari wa nchi nzima, na kwa kuwa shule za Kusini zilikuwa chache na dhaifu, nafasi nyingi zilichukuliwa na vijana wa Kaskazini. Si haki kulilaumu jambo hilo kwa pupa. Kijana wa Omdurman aliyesoma miaka kadhaa Juba, akala na kuishi na watu wa Kusini, alijifunza jambo ambalo wazazi wake hawakulijua, na Sudani ingefaidika na watu wengi wa aina yake. Lakini chuo kilichoanzishwa kuziba pengo la jimbo kilijikuta kikiligawanya pengo hilo kwa taifa zima, na serikali ya jimbo haikuwa na nguvu ya kisheria ya kusema vinginevyo. Kisha mwaka 1983 Nimeiry akalivunja jimbo lenyewe katika majimbo matatu, kinyume cha mkataba wa 1972. Askari waliasi Bor mwezi Mei mwaka huohuo, jeshi la waasi la SPLA likazaliwa, na chuo kikabaki bila ile serikali ambayo kilianzishwa ili kiitumikie.

Mwaka 1989 chuo kilihamishiwa Khartoum. Hapa ndipo msomaji anaweza kunikatiza: ulitaka wafanye nini? Juba ilikuwa imezingirwa, chakula kilifika kwa ndege, barabara zilitegwa mabomu, na mwaka 1992 SPLA iliingia hadi ndani ya mji kabla ya kurudishwa nyuma. Hoja hiyo ina nguvu, nami naikubali karibu yote. Wanafunzi wasingeweza kukaa darasani chini ya mizinga, na kuhamishwa kuliokoa maisha na shahada za watu. Hata hivyo kuna mfano wa jirani unaostahili kupimwa. Chuo Kikuu cha Gulu, kaskazini mwa Uganda, kilifunguliwa mwaka 2002, vita vya jeshi la Joseph Kony vikiwa vimepamba moto na mamia ya maelfu ya Waacholi wakiishi kambini. Hakikukimbilia Kampala. Kilikaa Gulu, kikajielekeza kwenye kilimo na maendeleo ya jamii, na mwaka 2004 kikaanza kufundisha udaktari katika eneo lililokuwa na uhaba mkubwa wa madaktari. Gulu haikuzingirwa kama Juba, kwa hiyo mifano hii hailingani. Inachoonyesha ni kwamba usalama pekee hauamui mahali pa chuo. Huamua pia anayekimiliki, na anayehesabu hasara ya kukiondoa. Khartoum haikuona hasara kubwa.

Ushahidi wa hilo ni yaliyofuata. Juni 1989 Omar al-Bashir alitwaa madaraka, na mwaka 1990 serikali yake ilitangaza mapinduzi ya elimu ya juu: vyuo viongezwe kwa wingi na ufundishaji uwe kwa Kiarabu. Vyuo viwili zaidi vilitangazwa kwa ajili ya Kusini mwaka 1991, Bahr el Ghazal huko Wau na Upper Nile huko Malakal, navyo pia vikaishia kuendesha shughuli zao Khartoum. Kwa hiyo kwa muda mrefu wa miaka ya 1990 Kusini ilikuwa na vyuo vikuu vitatu kwenye karatasi, vyote vikiwa katika mji mkuu wa nchi, mwendo wa mamia ya kilomita kutoka katika maeneo vilivyopewa majina yake. Chuo cha Juba kiliishi Kadaro, kaskazini mwa Khartoum. Hakikufa. Kilikua, kikaongeza fani, na kikawasomesha vijana wengi wa familia za Kusini zilizokimbilia Khartoum na kuishi katika vitongoji vya wakimbizi wa ndani. Wengi wa maofisa walioijaza serikali ya Juba baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 walipitia mikononi mwake, na deni hilo ni la kukumbukwa kwa heshima. Ila ndaki ya rasilimali asili iliyo Kadaro haiwezi kupima kina cha Sudd, wala kufuata ng'ombe kwenda kwenye malisho ya kiangazi. Kazi iliyokipa chuo sababu ya kuwepo ndiyo iliyosimama.

Uhuru ulipokaribia, kurudi kulifanywa kwa haraka. Baadhi ya shughuli zilikuwa zimeanza kurejea Juba tangu 2006, lakini kundi kubwa lilihama kati ya mwishoni mwa 2010 na mwaka 2011. Wahadhiri wengi wa Kaskazini hawakwenda, na Khartoum ikaanzisha Chuo Kikuu cha Bahri mwaka huo wa 2011 kwa ajili ya wanafunzi na wafanyakazi wa vyuo vya Kusini waliobaki. Chuo kimoja kikawa viwili katika nchi mbili. Kilichofika Juba kilikuwa jina, baadhi ya walimu, na maelfu ya wanafunzi ambao wengi wao walikuwa wamesoma kwa Kiarabu tangu utotoni, wakiingia katika nchi ambayo katiba yake ya mpito ilikuwa imetamka Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi. Mzigo wa mabadiliko yale uliwaangukia vijana, si waliosaini amri.

Kuna chuo kingine duniani kilichopita katika mabadiliko ya dola bila kukatwa vipande, nacho hutufundisha kitu. Mwaka 1949 Japani ilipanga upya elimu yake ya juu kwa kanuni kwamba kila mkoa uwe na angalau chuo kikuu kimoja cha taifa. Okinawa haikuhesabiwa, kwa kuwa ilikuwa chini ya utawala wa Marekani, na Chuo Kikuu cha Ryukyu kilifunguliwa huko mwaka 1950 juu ya magofu ya kasri ya Shuri, iliyoteketea katika mapigano ya 1945. Kisiwa kiliporejeshwa Japani Mei 1972, miezi michache tu baada ya mkataba wa Addis Ababa, chuo kilipokelewa kizima na kufanywa cha taifa. Kilihama baadaye, lakini ndani ya kisiwa kilekile, na kinaendelea kuchunguza matumbawe, kilimo cha kitropiki na maisha ya visiwani. Tangu 2004 vyuo vya taifa vya Japani ni mashirika yenye hadhi yao ya kisheria: waziri humteua mkuu wa chuo, lakini kutokana na pendekezo la kamati ya chuo chenyewe. Naam, Japani ni tajiri, na Okinawa ya mwaka 1972 haikuwa na vita. Utajiri hueleza ubora wa maabara. Hauelezi kwa nini chuo cha mkoa kibaki mkoani. Hilo hutokana na kanuni iliyoandikwa na kuheshimiwa.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la leo. Wapo wanaosema kwamba suala la jimbo na kituo lilikwisha tarehe 9 Julai 2011: Juba si makao ya jimbo tena, ni mji mkuu, na chuo chake ni cha taifa huru. Lakini muundo uliorithiwa ni uleule. Rais wa Jamhuri ni mkuu wa vyuo vya umma, na makamu wakuu wa vyuo, watendaji wa kila siku, huteuliwa na kuondolewa kwa amri yake inayosomwa kwenye televisheni ya taifa. John Akec, mwanazuoni aliyeshika nafasi hiyo Juba kuanzia mwaka 2014, aliingia kwa njia hiyo. Pia vita vya Desemba 2013 vilipofika Malakal na kuuharibu mji ule, Chuo Kikuu cha Upper Nile kilihamishiwa Juba, kwa sababu zilezile za usalama zilizotolewa 1989, nazo zilikuwa za kweli safari hii pia. Matokeo yakawa yaleyale. Juba imekuwa kwa Malakal kile ambacho Khartoum ilikuwa kwa Juba, na sijaona jambo linalouma kuliko hilo katika historia nzima ya vyuo vya nchi hii.

Dawa ya ufa huo ni kuyapa majimbo sauti katika vyuo, lakini wengine wanaogopa kwamba kufanya hivyo kutavifanya vya kikabila. Hofu hiyo haitoki hewani. Ugomvi wa wanafunzi kwa misingi ya kabila umewahi kukifunga Chuo cha Juba chenyewe. Lakini angalia ulikotokea: ndani ya chuo kinachoongozwa kutoka juu, katika mji ambao vijana wa kila pembe hugombea nafasi chache zilizorundikwa mahali pamoja. Mkusanyiko haukuzuia ukabila, uliupa uwanja. Wanaosema kwamba majimbo hayana fedha wana hoja nzito zaidi, maana hata hazina ya taifa, inayotegemea mafuta, imewahi kuchelewesha mishahara ya wahadhiri hadi wakagoma. Fedha zinaweza kuendelea kutoka hazina kuu. Kinachotakiwa kushuka chini ni uamuzi: nani ateuliwe, ndaki gani ifunguliwe, chuo kihamishwe kwa idhini ya nani.

Sudani Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na sasa vyuo vyake vinapimwa pamoja na vya Kampala, Eldoret, Dodoma na Zanzibar. Ni nafasi nzuri ya kulinganisha sheria, si mitaala pekee. Aprili 2023 vita vililipuka Khartoum, eneo la Bahri likawa uwanja wa mapigano, na vyuo vya mji ule vikatawanyika kama vilivyotawanyika vya Kusini zamani. Kwa hiyo hakuna mji mkuu unaoweza kudai kuwa hifadhi ya kudumu. Sheria ya vyuo ya Sudani Kusini ingeweza kuanza na mambo mawili: viti vya baraza la chuo kwa wawakilishi wa eneo linalohudumiwa, na sharti kwamba chuo kikihamishwa kwa dharura, tarehe ya kuangaliwa upya iwekwe siku ileile ya kuhama, na baraza hilo ndilo liitwe kuamua. Chuo cha Upper Nile ndicho kinachofaa kuwa cha kwanza kupewa tarehe hiyo.