Kimo cha Nyuma ya Motokaa

Katika viungo vyote vya motokaa hakuna vilivyopewa kazi ya kigeugeu kama springi za nyuma. Mbele, katika magari mengi, hukaa mtambo, na uzito wa mtambo ni ule ule asubuhi na jioni. Lakini nyuma leo kuna kiti kitupu, kesho kuna watu wazima watatu waliobanana, na keshokutwa kuna magunia na masanduku hata mlango wa buti haufungiki ila kwa kamba. Springi laini humridhisha dereva aliye peke yake, lakini akipakia jamaa zake gari huketi kitako, taa zikamulika matawi ya miti badala ya njia, usukani ukawa mwepesi mno mikononi, na ekseli ikagonga bodi katika kila shimo. Springi ngumu hustahimili mzigo, ilhali siku isiyo na mzigo huwarusha abiria kama bisi chunguni. Tangu motokaa zilipoanza kuundwa wahandisi wamejaribu kuwasuluhisha mahasimu hawa wawili, na suluhu zao zote, ukizichungua kwa makini, huishia katika suala moja: ni nani apewe amana ya kupima kimo cha nyuma na kukirudisha mahali pake?

Kwanza amana hiyo ilikuwa ya mhunzi. Springi za mabamba, yaani vipande vya chuma cha pua vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, zilirithiwa kutoka magari ya farasi, na pamoja nazo ikarithiwa elimu ya kuzifufua: kuyafungua mabamba yaliyonyooka kwa uzee, kuyatia motoni, kuyapinda upya kwa nyundo, kisha kuyapoza katika mafuta ili yapate tena ugumu na wepesi wa kurejea. Aliyetaka gari libebe zaidi aliongeza bamba, na desturi hiyo ingali hai katika karakana za malori za kwetu. Upimaji ulikuwa wa ufito au wa utepe, kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto, mahali palipo sawa; walakini fundi mzoefu hakupima kabla ya kulitikisa gari, kwa sababu mabamba husuguana, na kutu ikiingia kati yake huyashika, basi gari lililotoka kuteremshwa kwenye jeki husimama juu kuliko kimo chake cha haki, na lililotoka kupakuliwa mzigo husimama chini. Habari hii ya msuguano nitairejea, maana haikufa pamoja na mabamba.

Mwaka 1931, mjini Stuttgart, Ferdinand Porsche aliomba hataza ya springi ya namna nyingine, fimbo ya chuma iliyofungwa ncha moja na kusokotwa kwa ncha ya pili, ambayo haina mabamba ya kusuguana wala mahali pa kuingia tope. Katika Volkswagen iliyotokana na fikra zake kila gurudumu la nyuma lina fimbo yake, imelazwa kukingama ndani ya bomba. Ncha ya ndani imeshikwa katikati ya gari kwa meno 40, na ncha ya nje imeingia katika bamba la springi kwa meno 44. Tofauti hiyo ya meno manne haikuwekwa kwa sadfa. Kuisogeza ncha ya ndani jino moja ni kuigeuza nyuzi 9. Kulisogeza bamba jino moja kinyume chake ni kurudi nyuzi 8 na dakika 10. Kisaliacho ni dakika 50 tu, na kwa hesabu hiyo fundi mwenye subira aweza kukifikia kimo akitakacho kwa hatua ndogo ndogo, bila ya kuongeza chuma wala kupunguza. Sidhani kama katika gari lililokusudiwa watu wa kipato kidogo imepata kufichwa hesabu nzuri kuliko hii.

Nami nasema hesabu haikuwa ya anasa. Magurudumu ya nyuma ya Volkswagen za zamani yaliyumba pamoja na shafti zake, hata kimo kikibadilika na msimamo wa magurudumu hubadilika: nyuma ikiinuka mno, nyayo za matairi hujikunja ndani chini ya gari, na katika kona kali hilo ni jambo la hatari, ikishuka mno, nyayo hutanuka nje na tairi huliwa upande mmoja. Kwa hiyo fundi hakutegemea ufito wa kupimia kutoka ardhini. Alilifungua bamba la springi likaning'inia bila ya mzigo, akaliwekea chombo cha kupimia pembe chenye pima maji, akasoma mwinamo wake, akatoa humo mwinamo wa gari lenyewe, na baki akailinganisha na kitabu cha kiwanda; kisha akafanya vivyo hivyo upande wa pili, kwani upande mmoja ukirekebishwa pekee gari hubaki limeinama. Magari haya yalishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1957 na mwaka 1962, na wazijuao barabara za miaka ile katika majira ya masika wataelewa ni mateso gani yaliyozipata fimbo hizo.

Lakini meno 40 na 44 yalimfaa mtu ambaye mzigo wake haubadiliki, kwa kuwa hakuna afunguaye springi kila apakiapo viazi. Wengine walitafuta njia ya kukabiliana na mzigo unaobadilika. Citroën 2CV, iliyoonyeshwa Paris mwaka 1948 na kukusudiwa wakulima wa Ufaransa pamoja na vikapu vyao vya mayai, iliikubali nyuma ishuke, ikampa dereva kitasa cha kuziinamisha taa zisiwaumize macho wapitao. Mercedes-Benz 300 ya mwaka 1951 ilimpa dereva swichi, na mota ya umeme ikazisokota fimbo za kusaidia springi za nyuma. Packard ya Marekani, mwaka 1955, ilimnyang'anya dereva hata swichi hiyo: mota ilijiwasha yenyewe baada ya kungoja kama sekunde saba, ili isibabaishwe na kila tuta, ila kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kudhoofika, na baada ya mwaka 1956 mfumo huo haukuendelezwa.

Aliyelimaliza shauri, au aliyekaribia kulimaliza, ni Paul Magès, mtu asiyesomea uhandisi chuoni, aliyeingia Citroën mwaka 1925 akiwa kijana wa miaka 17, na ambaye Pierre Boulanger, mkuu wa kampuni, alimwamini akampa wasaa wa kufanya majaribio. Magès aliiondoa springi ya chuma, akaweka mahali pake tufe lenye gesi ya naitrojeni juu na mafuta chini, vikitenganishwa na utando wa mpira. Mzigo ukizidi gesi hubanwa na kuwa ngumu zaidi, nayo ndiyo sifa ambayo springi ya kawaida haina. Na kimo kilichopotea hurudishwa kwa kuongezwa mafuta kutoka pampu inayoendeshwa na mtambo. Mwenye kuamua kiasi cha mafuta ni vali ndogo iliyounganishwa kwa kijiti na mtaimbo unaoyafunga magurudumu mawili ya nyuma: gari likishuka, mtaimbo hugeuka, vali ikafungua mlango wa kuingizia, likipanda, hufungua mlango wa kutolea, likiwa sawa, hufunga yote miwili. Tena vali hiyo ilifanywa nzito makusudi, ikacheleweshwa kwa mafuta yapitayo katika tundu jembamba, isije ikahangaika kwa kila jiwe.

Zingatia mahali Citroën walipoanzia. Mwaka 1954, katika gari la 15-Six H, waliyaweka matufe nyuma tu, mbele wakaacha fimbo za chuma. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Oktoba, ikatokea DS katika maonyesho ya Paris ikiwa na matufe mbele na nyuma, na hata jioni kampuni ilikuwa imepokea maombi kama 12,000. Rolls-Royce, waliponunua idhini ya ustadi huu kwa Silver Shadow ya mwaka 1965, waliutumia pande zote mbili. Kufika mwaka 1969 wakauondoa mbele, kwa kuwa karibu kazi yote ilikuwa ikifanywa nyuma. Watu wapendao visa hupenda zaidi kusimulia jinsi Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa alivyookoka huko Petit-Clamart, tarehe 22 Agosti 1962, DS yake ilipotoka katika mvua ya risasi na matairi yaliyopasuka. Kisa ni cha kweli, ila mimi huona fadhila ya dereva wake, Francis Marroux, ikimezwa isivyo haki na sifa za matufe.

Basi je, chombo kilipojua kujipima fundi alipumzika? Vali hulijua pengo lake tu, haijui sakafu. Kijiti kikilegea au kikikazwa mahali pasipo pake, huirudisha nyuma ya gari kwenye kimo kibaya kwa uaminifu ule ule. Na hapa msuguano niliotaja unarejea, maana kati ya kuingiza na kutoa vali ina nafasi ya kutotenda lolote, na gari lililofika kwa kupanda husimama chini kidogo ya lililofika kwa kushuka. Kwa ajili hiyo fundi wa Citroën, baada ya kupima upepo wa matairi na kuliweka gari juu ya sakafu iliyo sawa, mtambo ukinguruma taratibu, huliinua kwa mikono, akaliachia lishuke, lipande tena na kutulia, akapima. Kisha hulikandamiza, akaliachia lipande, lishuke na kutulia, akapima tena. Akajumlisha vipimo viwili na kugawa kwa mbili. Wastani ukitofautiana na kitabu, hulegeza kikuku kilichoshika kijiti kwenye mtaimbo, akakigeuza kidogo, akaanza upya.

DS ilikoma kuundwa mwaka 1975, baada ya kutolewa karibu milioni moja na nusu. Katika C5 ya mwaka 2001 kijiti cha kuifungua vali kiliondolewa, pakawekwa vihisio vya umeme na kompyuta ya kuamuru mafuta yaingie au yatoke, na mfumo wa matufe ukaendelea hivyo hadi gari hilo lilipokoma mwaka 2017. Kompyuta hiyo nayo haikuzaliwa ikiijua sakafu: katika kuirekebisha, fundi huinama kando ya gurudumu la nyuma na rula yake, akasoma kimo, akakiandika katika mashine, ndipo nayo ikajua ni wapi ianzie kuhesabu.