Hesabu ndogo inayoeleza mazuku ya Lac Vert

Hapa kwetu Lac Vert kila mutoto anajua mazuku: gesi inayotoka ndani ya udongo, haina rangi wala harufu, na inaua mbuzi, kuku, hata watu. Lakini juu ya nini inabakia ku mashimo? Jibu ni hesabu ya shule ya musingi.

Mazuku ni CO2. Kaboni ina uzito wa 12, oksijeni 16. Basi 12 + 16 + 16 = 44.

Hewa ya kawaida ni karibu asilimia 80 azoti (28) na 20 oksijeni (32). Asilimia 80 ya 28 ni 22,4. Asilimia 20 ya 32 ni 6,4. Jumla: 28,8.

Gawanya 44 kwa 28,8: karibu 1,5. Mazuku ina uzito wa hewa mara moja na nusu! Ndiyo maana inalala fasi za chini, zaidi asubuhi mapema kama hakuna upepo. Mutoto mufupi, ao mutu anayeinama, ndiye anaipumua wa kwanza.

Kujumlisha, asilimia, kugawanya: kwa hizo tatu mwanafunzi ameshaingia mu kemia. Wazazi, muifanye na watoto nyumbani. Na mukikuta nyama amekufa ku shimo, musishuke kumutoa.