Mholi hauzai peke yake: Mwongozo kwa walio ughaibuni wanaotaka vitunda vyekundu wakati wa theluji

Karibu kila mtu hapa Pwani ameshauona mholi bila kujua kwamba ni mti wa kweli. Ni lile jani la kijani lenye miiba pembeni na vitunda vyekundu katikati, linalochorwa kwenye kadi za Krismasi na kutengenezwa kwa plastiki ya kupambia maduka kila Disemba. Waingereza huuita holly. Kwa kuwa Pwani hatuna mti huo wala jina lake, hapa tutauita mholi, na ikiwa mingi, miholi.

Makala haya yanawalenga hasa ndugu zetu walioko Uingereza, Canada na Marekani ambao wamebahatika kupata nyumba yenye kijibustani. Tarehe 21 Disemba jua huonekana London kwa muda usiofika saa nane, ilhali Mombasa siku hiyo hiyo tunalo kwa takriban saa kumi na mbili. Huko kwenye theluji ni zaidi. Miti imebaki vijiti, nyasi zimefunikwa, na mtu aliyezoea mwarobaini unaostawi mwaka mzima huchungulia dirishani asione hata kitu kimoja kilicho hai. Kichaka kilichojaa vitunda vyekundu nje ya dirisha la jikoni si anasa kwa mtu kama huyo. Tatizo ni kwamba wengi hununua mche mmoja, hulipa pesa nzuri, hungoja miaka mitatu minne, na wasione hata tunda moja.

Dume na jike

Sababu haiko mbali, na Mswahili anafaa kuielewa haraka kuliko Mzungu. Mholi ni kama mpapai dume na mpapai jike, au kama mtende. Mti mmoja una maua ya kiume pekee, mwingine una maua ya kike pekee, na unaozaa ni jike tu. Lakini jike lisipopata chavua ya dume halizai, hata ulitie mbolea ya namna gani. Nyuki ndio wanaobeba chavua hiyo. Dume halitazaa kamwe, na ni kosa kulikata kwa hasira kama tunavyokata mipapai dume ikizidi shambani.

Dume moja linatosha kwa majike matano hadi kumi, mradi lisiwe mbali. Mita kumi na tano ni umbali wa kutegemewa. Si lazima liwe mbele ya nyumba. Lifiche nyuma ya banda la takataka ukipenda, nyuki watalifikia. Na kama jirani analo dume la aina inayofaa, basi unakula kwa mgongo wa jirani.

Neno "aina inayofaa" ndilo linalowaponza hata wale waliokwisha kusikia habari ya dume na jike. Maua ya dume na ya jike lazima yafunguke wakati mmoja. Kuna aina zinazochanua mapema na nyingine zinazochelewa, na ukichanganya dume la mapema na jike la kuchelewa, chavua itakwisha kabla jike halijafungua ua. Kwa mholi wa Marekani ya mashariki uitwao kitaalamu Ilex verticillata, jike fupi liitwalo 'Red Sprite' huchanua mapema na hutaka dume liitwalo 'Jim Dandy'. Jike refu 'Winter Red', na ndugu yake 'Winter Gold' mwenye vitunda vya rangi ya dhahabu, huchelewa na hutaka 'Southern Gentleman'. Duka la miche likikuambia "dume lolote tu", nenda duka jingine.

Usitegemee jina kukuonyesha jinsia pia. Uingereza kuna mholi maarufu wenye majani ya rangi mbili uitwao 'Golden King', yaani mfalme wa dhahabu, nao ni jike. Mwingine huitwa 'Silver Queen', malkia wa fedha, nao ni dume! Aliyewapa majina hayo ana lake. Njia ya hakika ni kusubiri maua. Ni madogo, meupe, na hayavutii, lakini ukiyatazama kwa karibu utaona kwamba ua jike lina kijitufe cha kijani katikati, ambacho ndicho kitakuwa tunda. Ua dume halina kijitufe hicho. Lina vijiti vyenye unga wa manjano ambao ukiugusa hubaki kidoleni.

Na asiye na nafasi ya miche miwili? Wakulima wa mitende Oman hupanda juu ya mtende jike na kufunga vishuke vya maua ya kiume kati ya maua ya kike. Kwa mholi hufanywa jambo linalokaribiana na hilo: kata matawi ya dume yaliyochanua kutoka kwa rafiki, yatie kwenye ndoo ya maji, na uiweke ndoo chini ya jike lako wakati maua yake yako wazi. Nyuki watafanya kazi iliyobaki. Wengine hupanda miche miwili katika shimo moja na kuiacha ikue kama kichaka kimoja.

Mholi upi, wapi

Jamii hii ya miti, Ilex, ina spishi zaidi ya 500 duniani. Mmojawapo ni ule ambao majani yake hunywewa Argentina na Paraguay kama chai ya mate. Mwingine, Ilex mitis, ni wa kwetu Afrika na hukua kando ya mito katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare. Lakini kwa bustani ya theluji unayohitaji kuijua ni michache.

Kwa anayeishi Minnesota, Toronto, Boston au mahali popote ambapo baridi ni kali mno, chaguo langu la kwanza ni huo Ilex verticillata. Ni mti wa asili ya huko, na hustahimili baridi ya nyuzi 34 chini ya sifuri na zaidi. Hauna miiba. Majani yake hupukutika yote kabla ya majira ya baridi, na hapo ndipo uzuri wake unapotoka: vijiti vitupu vilivyoshonwa vitunda vyekundu kuanzia chini hadi juu, na theluji nyeupe ikiwa nyuma yake. Kwao hukua kwenye vinamasi, kwa hiyo ile sehemu ya bustani inayotuama maji, ambapo kila mche mwingine umekufa, huo utaipenda. Mrefu hufika mita tatu. 'Red Sprite' hauzidi sana mita moja na unaweza kuwekwa kwenye chungu kikubwa barazani. Kumbuka tu kwamba mizizi iliyo ndani ya chungu hupigwa na baridi zaidi kuliko iliyo ardhini, hivyo kisukume chungu karibu na ukuta na ukifunge magunia.

Anayetaka majani ya kijani mwaka mzima mahali penye baridi ya wastani atafute miholi ya buluu, Ilex × meserveae. Hii ni kazi ya mama mmoja wa Long Island, New York, Kathleen Meserve, ambaye katika miaka ya 1950 alichanganya mholi wa Ulaya na mholi mfupi wa Japani unaovumilia baridi. Hapa majina yamekaa sawa: 'Blue Princess' ni jike na 'Blue Prince' ni dume. Iepushe na upepo mkavu wa majira ya baridi, maana majani hupoteza maji ilhali ardhi imeganda na mizizi haiwezi kuyarudisha, nayo huungua yakawa ya kahawia.

Uingereza kwenyewe, mholi wa asili ni Ilex aquifolium, wa kwenye kadi. Hukua polepole, huvumilia kivuli na kukatwa, na hufanya ua ambao mwizi hataupenda. Asiyetaka habari za dume na jike kabisa aulizie 'J.C. van Tol', ambao huzaa bila dume jirani na una miiba michache.

Lakini mholi huu wa Ulaya usiupande ukiwa Seattle, Portland au Vancouver, hata kama maduka yanauuza. Upande ule wa magharibi si kwao, na ndege wameeneza mbegu zake hadi ndani ya misitu, ambako unasonga mimea ya asili. Sisi tuliomwona mathenge akimeza malisho ya Tana River, na kunguru wa Bara Hindi wakiwamaliza ndege wadogo wa Mombasa, hatuhitaji kuelezwa zaidi jinsi mgeni anavyoweza kugeuka mwenye nyumba.

Udongo na utunzaji

Mholi, hasa wa Marekani, hutaka udongo wenye tindikali. Ukipandwa kwenye udongo wenye chokaa, majani hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa sababu mizizi haiwezi kuvuta madini ya chuma. Nunua kipimo cha pH, ni rahisi. Ikiwa ni kati ya 5 na 6.5 uko salama. Pengine hili ndilo jibu fupi kwa wanaouliza kama mti huu waweza kupandwa Kilifi au Kwale: udongo wetu mwingi umetokana na matumbawe, umejaa chokaa, na baridi ambayo mti huu hupumzikia hatuna.

Panda mwanzo wa majira ya kuchipua, au majani yanapopukutika kabla ardhi haijaganda. Shimo liwe pana mara mbili ya fungu la mizizi lakini lisizidi kimo chake. Tandaza majani makavu au sindano za msonobari kimo cha vidole vitatu vinne, ila yasiguse shina. Mwaka wa kwanza ni wa maji, maji, maji. Mbolea nyingi ya naitrojeni hukupa majani tele na matunda kiduchu. Kivuli nacho hupunguza matunda, kwa hiyo mpe jua angalau nusu ya siku.

Kupogoa hufuata aina. Ilex verticillata huchanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo upogoe mwisho wa majira ya baridi, ukiondoa mashina machache ya zamani kutoka chini. Mholi wa Ulaya hufanya matumba kwenye matawi ya mwaka uliopita. Ukiunyoa wote kila mwaka kama ua wa michongoma, unayatupa matunda ya mwaka ujao.

Mwaka wenye mvua na baridi wakati wa maua, nyuki hawatoki, na matunda yatakuwa haba hata kwa aliyefanya kila kitu sawa. Usiung'oe mti kwa hilo. Na usijaribu kuotesha mbegu: huchukua mwaka mmoja na nusu hadi mitatu kuota, kisha miaka mingine kabla hujajua kama umepata dume au jike. Vipandikizi vya matawi mabichi vinavyokatwa katikati ya majira ya joto hutoa mche wenye jinsia ya mama yake.

Watoto

Hapa naomba mzazi asome mara mbili. Vitunda vya mholi vina sumu. Mtu mzima akionja kimoja atatema kwa uchungu wake, lakini mtoto mdogo anayekula kadhaa anaweza kutapika, kuharisha na kulegea. Mara nyingi huwa si hatari ya kifo, ila mtoto mdogo hupoteza maji upesi. Watoto wetu wana hatari ya ziada kwa sababu wengi, au wazazi wao, wamekulia mahali ambapo kitunda cha kichakani ni chakula: kunazi, zambarau, mabungo. Mtoto aliyetumwa Kilifi likizo akafundishwa na binamu zake kuchuma kunazi akirudi Leicester ataona kitunda chekundu na mkono utakwenda wenyewe.

Mwonyeshe mti, mwambie ni wa ndege. Mwenye mtoto anayetambaa na kutia kila kitu kinywani asubiri miaka miwili mitatu kabla ya kupanda, au apande mbali na mlango. Matawi yaliyokatwa na kuwekwa sebuleni ndiyo hatari zaidi, maana vitunda hudondoka zuliani. Paka na mbwa pia hudhurika. Ikitokea, usimlazimishe mtoto kutapika. Marekani piga kituo cha sumu, 1-800-222-1222, saa yoyote. Uingereza piga 111.

Ndege

Vitunda hivi havina mafuta mengi, kwa hiyo ndege huanza na vyakula vingine na kuviacha hivi hadi mwisho. Ndiyo maana hudumu. Uingereza kuna ndege mwenye madoadoa kifuani, Turdus viscivorus, ambaye huuteka mholi mmoja na kuulinda majira yote ya baridi, akiwafukuza wenzake kama askari wa geti. Marekani, karibu na Februari, kundi la ndege linaweza kutua asubuhi na kuumaliza mti mzima kabla ya adhuhuri. Anayetaka kukata matawi ya kupambia nyumba akate Disemba, kabla ya wao kuja.

Kwa wanaofikiria kuleta miche au mbegu nyumbani ndani ya sanduku: mmea wowote unaoingia Kenya unahitaji kibali cha KEPHIS kilichotolewa kabla ya safari, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Bila hivyo utaachwa uwanja wa ndege, na mholi wenyewe Mombasa hautafika hata mwaka wa pili.