Wakili Mwafrika Katika Mahakama za Hali ya Hatari



Jina la Argwings-Kodhek huenda likawa geni masikioni mwa msikilizaji wa Kinama, hapa Bujumbura. Huyu ndiye Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili. Alizaliwa Gem, magharibi ya Kenya, mwaka 1923, akawa mwalimu, kisha akasomea sheria Uingereza. Aliporejea, serikali ya kikoloni ilimpa nafasi ya mwanasheria wake, lakini kwa mshahara pungufu kuliko wa mwenzake Mzungu mwenye elimu ile ile. Aliikataa, akafungua ofisi yake mwenyewe Nairobi.

Tarehe 20 Oktoba 1952 ilitangazwa Hali ya Hatari dhidi ya Mau Mau. Chini ya kanuni zake, mtu aliyekutwa na risasi bila kibali aliweza kunyongwa. Aliyelisha wenzake kiapo, vivyo hivyo. Mahakama maalumu zilizoundwa mwaka 1953 zilishitaki watu 2,609. Waliohukumiwa kifo ni 1,574, na walionyongwa ni 1,090. Makabwela wengi hawakuwa na senti ya kumlipa wakili, na Kodhek aliwatetea hata hivyo.

Sheria yenyewe, ikali namna gani, wakili hakuweza kuifuta. Kilichobaki mikononi mwake ni ushahidi. Nani alimkamata mshitakiwa, na mahali gani? Risasi ilitoka mfukoni mwake, au iliokotwa kichakani jirani? Maelezo yake yaliandikwa kwa lugha anayoielewa, na kabla ya kupigwa au baada ya kupigwa? Maswali hayo humwendea askari aliyesimama kizimbani kama shahidi, na yapo maafisa wanaoyaona kuwa dharau kwa sare. Si dharau. Kesi inayoanguka mbele ya hakimu mara nyingi imekwisha kuanguka siku nyingi nyuma, kwenye daftari la kituo. Na katika mahakama zile, kosa la daftari lilipimwa kwa kamba: washitakiwa zaidi ya 1,000 hawakuhukumiwa kifo, na kila mmoja wao alikuwa amekwisha kufikishwa hatua chache tu kutoka kitanzini.

Katika siasa hakupata wepesi. Serikali ilipokataa chama cha nchi nzima, aliunda chama cha wilaya ya Nairobi. Katika uchaguzi wa Machi 1957 alishindwa na kijana Tom Mboya. Mwaka 1963 watu wa Gem walimpeleka Bungeni, na baadaye akawa waziri.

Alifariki Nairobi tarehe 29 Januari 1969, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje. Serikali ilitangaza kuwa ni ajali ya gari. Minong'ono ya sababu nyingine haikukoma. Barabara ipitayo mbele ya Nairobi Hospital inaitwa kwa jina lake.