Hendeli na Stata: Kwa Nini Injini Haizunguki?

  

Mara nyingi tukisema historia, watu hufikiri habari za wafalme na vita. Leo tutasema habari za kitu cha chuma kilichofichwa chini ya boneti ya motokaa. Kitu hicho ni stata. Stata ni mota ya umeme. Kazi yake ni kuizungusha injini mpaka injini iweze kwenda kwa nguvu zake yenyewe.

Mtu mwenye motokaa ya zamani huketi asubuhi katika kiti chake, akavuta kifundo cha stata, akasikia "tik", kisha kimya. Hukasirika. Hufungua boneti, akaanza kugonga hiki na kulegeza kile. Mtu huyo anapapasa gizani. Lakini mtu ajuaye kila kipande kiliwekwa kwa ajili ya shida gani, huitafuta kasoro kwa utaratibu. Basi, tuanze mwanzo.

Zamani za hendeli

Injini ya petroli haiwezi kujianzisha. Ndani yake pistoni hupanda na kushuka. Ni lazima kwanza ishuke, ivute petroli na hewa. Kisha ipande, ivikandamize pamoja. Ndipo cheche ya umeme iviwashe. Sasa, nani ataisukuma pistoni mara ya kwanza? Katika motokaa za mwanzo jibu lilikuwa moja: mkono wa binadamu. Mtu alisimama mbele ya motokaa, akachomeka hendeli ya chuma, akaizungusha.

Kazi ile ilitaka nguvu, tena ilikuwa na hatari. Cheche ikitoka mapema mno, kabla pistoni haijafika juu, moto huisukuma pistoni irudi nyuma. Hendeli nayo hurudi nyuma kwa ghafula, na mkono wa mtu umo. Watu wengi walivunjika mikono na vidole gumba. Wengine walipigwa usoni.

Huko Detroit, Marekani, palikuwa na mtengenezaji wa motokaa aliyeitwa Byron Carter. Alifariki mwaka 1908. Inasimuliwa kwamba alimwona mama mmoja ambaye motokaa yake imezimika njiani, akashuka kumsaidia. Hendeli ikarudi nyuma ikampiga taya, naye akaugua kwa jeraha lile, asipone. Wasimulizi huongeza kwamba motokaa ile ilikuwa ya aina ya Cadillac, na kwamba Henry Leland, mkuu wa kampuni ya Cadillac, alihuzunika sana. Akataka ipatikane njia ya kuiwasha motokaa bila hendeli.

Fundi wa mashine za dukani

Kazi hiyo ilimfikia Charles Kettering, aliyezaliwa mwaka 1876 katika jimbo la Ohio. Kettering alikuwa amefanya kazi mjini Dayton, katika kampuni ya National Cash Register. Kampuni hiyo ilitengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani. Yeye aliifungia mashine hiyo mota ndogo ya umeme, ili mwenye duka asiizungushe kwa mkono. Mwaka 1909 Kettering na mwenzake Edward Deeds walianzisha kampuni yao, Delco.

Wataalamu wengi waliona jambo la stata haliwezekani. Walisema: mota ya kuizungusha injini itakuwa kubwa mno, na betri zake zitakuwa nzito mno. Lakini Kettering alikumbuka mashine za dukani. Mota ya mashine ile haikufanya kazi kutwa. Ilifanya kazi kidogo, kisha ikapumzika. Kwa hiyo iliweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko kipimo chake bila kuungua.

Fikirini habari za mpagazi. Hawezi kubeba magunia mawili toka mji huu mpaka mji wa pili. Lakini aweza kuyabeba toka mlangoni mpaka ghalani. Hiyo ndiyo siri ya stata: nguvu nyingi kwa muda mfupi. Andikeni maneno hayo katika madaftari yenu, maana tutayarudia.

Mwaka 1911 mtambo wa Kettering uliwekwa katika motokaa ya Cadillac ukajaribiwa, na Cadillac za mwaka 1912 zikauzwa zikiwa nao. Mtambo ule ulifanya kazi mbili. Kwanza uliizungusha injini. Kisha injini ilipokwisha kuwaka, mtambo uligeuka kuwa dainamo, ukairudishia betri umeme wake. Watu wasiokuwa na nguvu za kuzungusha hendeli, wakiwamo wanawake wengi na wazee, sasa waliweza kwenda safari zao bila kumwomba mtu. Si motokaa zote zilizofuata upesi. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, haikupata stata ya umeme kiwandani mpaka mwaka 1919.

Kushikana na kuachana

Kulikuwa na shida nyingine. Stata na injini ni lazima zishikane wakati wa kuwasha. Lakini injini ikiisha kuwaka huenda mbio kuliko stata. Zisipoachana, injini itaiharibu stata.

Mmarekani mwingine, Vincent Bendix, alileta dawa ya shida hiyo. Katika mtambo wake gia ndogo hukaa juu ya mhimili wenye nyuzi kama za skrubu. Stata ikizunguka kwa ghafula, gia ile husogea kwa kufuata nyuzi, ikauma meno ya gurudumu kubwa la injini, liitwalo flaiwili. Injini ikiwaka, flaiwili huizungusha gia kwa kasi, nayo gia hurudi mahali pake. Jina la mtu yule limebaki vinywani mwa mafundi: gia ile huitwa bendiksi.

Kuitafuta kasoro

Sasa tuchukue motokaa moja, Morris Minor. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1948, ikaendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1971. Nyingi zilifika Afrika Mashariki, na hata leo wako watu wanaozitunza. Motokaa hii ina stata yenye bendiksi, na mbele ina tundu la hendeli. Historia yote tuliyoisema imo ndani yake.

Stata haizungushi injini. Tufanyeje? Kwanza vuta breki ya mkono, na gia iwe huru. Kisha washa taa za mbele. Mwenzako akae ndani avute kifundo cha stata, nawe uzitazame taa.

Kama taa ni hafifu tangu mwanzo, betri imeishiwa na nguvu.

Kama taa zinang'aa, lakini zinazimika kabisa stata inapovutwa, tazama vichwa vya waya juu ya betri. Huenda kimoja kimelegea.

Kama taa zinafifia sana, umeme unafika, lakini hautoshi au umezuiwa. Huenda betri imechoka. Huenda vichwa vya waya vimefunikwa na unga mweupe au wa kijani. Huenda waya wa ethi, yaani ule unaounganisha betri na mwili wa gari, umeliwa na kutu. Au huenda bendiksi imekwama katika meno ya flaiwili.

Kama taa zinaendelea kung'aa kama kawaida na stata iko kimya, umeme haufiki ndani ya stata. Tazama swichi, waya mnene, na brashi zilizo ndani ya stata.

Na kama stata inavuma kwa kasi huku injini imetulia, bendiksi haikushika. Mara nyingi mhimili wake una uchafu. Usafishwe kwa mafuta ya taa. Usitiwe oili, maana oili hushika vumbi.

Mtu mmoja atauliza: "Taa zinawaka, basi betri yangu ni nzima. Sivyo?" Sivyo, ndugu. Kumbukeni siri ya Kettering. Taa mbili za mbele hutumia umeme usiofika ampea kumi. Stata hutaka ampea mia na zaidi, kwa muda mfupi. Uchafu kidogo juu ya waya hauzuii umeme wa taa, lakini huuzuia ule wa stata. Wengi wamenunua betri mpya kwa fedha nyingi, kumbe dawa ilikuwa kipande cha msasa.

Bendiksi ikikwama, zima swichi ya injini, tia gia ya nne, uachie breki, uisukume motokaa mbele na nyuma mpaka gia iachie. Katika stata nyingi za aina hii mhimili una ncha ya mraba kwa nyuma. Ukiushika kwa spana na kuuzungusha, gia hutoka.

Mwisho, injini yenyewe yaweza kuwa imekaza. Zima swichi, rudisha gia iwe huru, ijaribu kwa hendeli. Ikikataa kabisa kuzunguka, usiilaumu stata. Mwite fundi.

Tahadhari

Stata ikishindwa, watu hurudia hendeli. Nayo hatari ya zamani hurudi pamoja nayo. Ile cheche ya mapema haijasahau kazi yake. Kwa hiyo weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie hendeli kidole hicho. Vuta kutoka chini kwenda juu, usisukume kwenda chini. Hendeli ikirudi, itateleza itoke mkononi badala ya kuuvunja mkono.

Kettering alifariki mwaka 1958. Kufikia hapo watu wengi walikuwa wakiiwasha motokaa bila kufikiri kwamba zamani mtu aliweza kufa kwa kazi ile. Ninyi sasa mwafahamu. Siku stata itakaponyamaza, msiipige kwa nyundo. Ulizeni maswali matatu, moja baada ya jingine: Nguvu iko? Nguvu inafika? Gia inashika?

Maswali ya kujibu darasani

1. Kwa nini hendeli iliweza kurudi nyuma?
2. Kettering alijifunza nini kwa mashine za dukani?
3. Bendiksi hufanya kazi gani?
4. Taa zinawaka vizuri, lakini stata haizungushi injini. Eleza sababu mbili.