Picha Nzuri, Nyonga Nzuri: Historia ya Lugha ya Kutathmini Picha za Eksirei za Mbwa

Ikisiri

Makala hii inafuatilia namna mifumo mikuu ya kutathmini picha za eksirei za nyonga za mbwa ilivyoundwa Marekani na Ulaya katika karne ya 20, na namna kila mfumo ulivyochagua lugha yake ya kutolea hukumu: maneno, herufi au tarakimu. Hoja kuu ni kwamba tathmini hiyo ina hukumu mbili, ya picha na ya nyonga, na kwamba tafsiri ya Kiswahili isiyolizingatia hilo inaweza kumhesabu mbwa mwenye kasoro kuwa mzima.

1.0 Utangulizi

Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba 1895. Mwaka uliofuata, madaktari wa mifugo wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuanza kupiga picha za miguu ya farasi. Kwa upande wa mbwa, mjadala mrefu zaidi kuhusu ubora wa picha ulihusu nyonga. Mwaka 1935 daktari wa mifugo wa Marekani, Gerry Schnelle, alieleza kasoro ambayo ndani yake kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika kikombe cha fupanyonga. Kiungo hulegea, hulika, na hatimaye mbwa huchechemea. Kasoro hiyo ya ukuaji wa nyonga hurithiwa, na huwapata hasa mbwa wenye maumbo makubwa kama German Shepherd. Kwa kuwa mbwa anaweza kuonekana mzima huku nyonga yake ina kasoro, wafugaji walihitaji picha ili waamue ni mbwa yupi azalishwe. Kwa hiyo kosa la kuisoma picha halikuishia kwa mbwa mmoja. Lilihamia kwa watoto wake.

2.0 Hukumu ya kwanza: picha

Kabla ya kuuliza kama nyonga ni nzima, msomaji wa picha hana budi kuuliza kama picha inafaa kusomwa. Mwaka 1961 jopo la chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani lilipendekeza mlalo mmoja wa kupigia picha: mbwa alazwe chali, miguu ya nyuma inyoshwe na kuwa sambamba, na pia za magoti zielekee juu. Mlalo huo ndio uliofanya picha za mbwa tofauti, zilizopigwa katika miji tofauti, ziweze kulinganishwa.

Sababu ya masharti hayo ni ya kimaumbile. Fupanyonga likiinama upande mmoja, kikombe kimoja huonekana kina kirefu kuliko kilivyo na cha pili huonekana kifupi. Ndiyo maana msomaji hutazama kwanza kama matundu mawili ya fupanyonga yanalingana kwa ukubwa, kama mifupa ya mapaja ni sambamba, na kama kila pia ya goti imekaa katikati. Hutazama pia kama mwanga umetosha kuonyesha ukingo wa kikombe. Sharti la mwisho ni la maandishi: picha yenyewe iwe na namba ya mbwa, tarehe, na alama ya kulia au kushoto. Picha safi isiyo na utambulisho ni ushahidi usio na mwenyewe.

3.0 Hukumu ya pili: nyonga, na lugha tatu

Picha ikikubalika, ndipo hukumu ya nyonga hutolewa. Hapa mifumo iliachana njia.

Marekani ilichagua maneno. Taasisi ya Orthopedic Foundation for Animals, ijulikanayo kwa kifupi kama OFA, ilianzishwa mwaka 1966 kwa juhudi za John M. Olin, mwenye viwanda aliyefuga mbwa wa kuwindia. Picha husomwa na wataalamu watatu, kila mmoja peke yake, na nyonga huwekwa katika moja ya madaraja saba. Matatu ya kwanza ni ya nyonga zenye afya, la nne ni la mpakani, na matatu ya mwisho ni ya nyonga zenye kasoro.

Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, lilichagua herufi, kuanzia A hadi E. Miongoni mwa vigezo vyake ni pembe ya Norberg, ipimwayo kati ya mstari unaounganisha vitovu vya vichwa viwili vya mapaja na mstari uendao kwenye ukingo wa mbele wa kikombe. Nyonga ya daraja A hutarajiwa kuwa na nyuzi 105 au zaidi.

Uingereza ilichagua tarakimu. Kila nyonga hupimwa katika vipengele 9. Vipengele 8 hupewa alama 0 hadi 6, na kimoja alama 0 hadi 5. Upeo wa nyonga moja ni 53, na wa nyonga mbili ni 106. Alama huhesabu makosa, hivyo 0 ndiyo bora kuliko zote.

Udhaifu mmoja haukuponywa na lugha yoyote kati ya hizo. Pale upelekaji wa picha ulipokuwa wa hiari, mwenye mbwa aliyeiona picha mbaya aliweza kuiacha nyumbani. Gail Smith wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyeanza mwaka 1983 utafiti uliozaa mfumo wa PennHIP, alipima kiasi ambacho kiungo kinaweza kulegea kikisukumwa nje. Mfumo huo ulidai daktari apate mafunzo na apeleke picha zote, nzuri kwa mbaya.

4.0 Mafunzo kwa Kiswahili

Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mbwa wa polisi na wa ulinzi huvuka mipaka wakiwa na vyeti vya mifumo hii, na maofisa wanaovipokea watazidi kuhitaji maelezo ya Kiswahili. Hatari tatu zinaonekana mapema.

Kwanza, daraja la tatu na la sita la OFA hutajwa kwa maneno mawili tofauti ya Kiingereza, lakini mfasiri wa Kiswahili huelekea kuyapa yote mawili neno "wastani". La tatu ni la nyonga yenye afya. La sita ni la nyonga yenye kasoro. Neno moja hapo linafuta mpaka ambao mfumo mzima uliundwa kuuonyesha.

Pili, shule zetu zimetuzoesha kwamba alama nyingi ni sifa. Ofisa asiyeelezwa atamwona mbwa mwenye alama 80 kuwa bora kuliko mwenye alama 8.

Tatu, kauli "picha ni nzuri" katika mazungumzo ya hospitali huweza kumaanisha kwamba picha imetoka vizuri au kwamba mgonjwa hana tatizo. Katika cheti, utata huo hauvumiliki.

5.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba ubora wa tathmini hautegemei mashine peke yake. Unategemea pia makubaliano kuhusu neno lipi linabeba hukumu ipi. Makala inapendekeza mambo matatu kwa wanaosimamia istilahi na sera za mifugo katika kanda. Cheti cha Kiswahili kiwe na sehemu mbili: picha "inakubalika" au "haikubaliki", nyonga ina "afya", iko "mpakani", au ina "kasoro". Neno "wastani" lisitumike bila mojawapo ya istilahi hizo za nyonga. Herufi au tarakimu ya mfumo wa asili ibaki kama ilivyo, pamoja na maelezo ya mwelekeo wake. Hatua hizi hazihitaji mtambo mpya. Zinahitaji wanaisimu na madaktari wa mifugo kukaa meza moja kabla vyeti havijaanza kuchapishwa.