Kutoka Deheni ya Jahazi hadi Kichujio cha Mafuta

Miongoni mwa kazi zilizoletwa mezani kwangu katika miaka ya karibuni ilikuwamo tafsiri ya maelekezo ya kusafisha mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Mfasiri, ambaye kwa jumla alifanya kazi nzuri, aliagiza mafuta yakusanywe kwa "kitambaa kisichopitisha maji". Mtu apewaye agizo hilo atakwenda kutafuta turubai. Ni kweli kwamba turubai halipitishi maji, lakini pia haliyanywi mafuta wala haliyapitishi. Kitambaa kilichokusudiwa kilikuwa cha namna nyingine kabisa: kina vitundu tele, chakataa maji na kupokea mafuta. Mfasiri hakukosea kwa uvivu, alikosa neno. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya jambo lenyewe, kwani nionavyo mimi, maneno tunayoyahitaji yamo ndani ya historia hiyo.

Nilikulia Zagayu, upande wa Bariadi, katika eneo ambalo tangu 2012 limo katika Mkoa wa Simiyu. Huko pamba ndiyo zao la fedha, na mtoto hujifunza mapema kwamba nyuzi za pamba ya shamba, zikishatolewa mbegu na kutupwa katika ndoo ya maji, huelea. Ukizikandamiza kwa mkono huibuka tena, na ndani yake hukuta pakavu. Pamba ya zahanati, ingawa imetoka katika mmea ule ule, hunywa maji upesi na kuzama. Wazee hawakutafuta maneno marefu ya kueleza tofauti hiyo. Walisema kwamba pamba ya shamba inayakataa maji.

Sababu yake ni nta. Kila unywele wa pamba umevikwa utando mwembamba wa nta, ambao uzito wake haufiki asilimia moja ya uzito wa unywele wenyewe. Kiwandani pamba ya zahanati huchemshwa katika maji yenye magadi makali. Nta hutoka, na pamba iliyoyakataa maji huanza kuyanywa. Nta hiyo hiyo haikatai mafuta. Katika utafiti uliochapishwa 1992, Hyung-Min Choi na Rinn Cloud wa Marekani walionyesha kwamba pamba isiyosafishwa yaweza kunywa mafuta machafu kufikia karibu mara 30 ya uzito wake. Sufi ya msufi, mti unaofahamika sana katika pwani yetu, ina tabia kama hiyo, na ndiyo sababu zamani ilijazwa katika maboya ya kuvaa ya mabaharia.

Watu wa pwani nao walikuwa na elimu yao juu ya mafuta, maji na mbao. Katika karne ya 12 Ibn Jubayr aliandika habari za vyombo vya kushonwa vya Bahari ya Shamu. Alisema kwamba vyombo hivyo vilipakwa samli, mafuta ya mbarika au mafuta ya papa, ili mbao ziwe laini zisipasuke zigongapo miamba, na kwamba mafuta ya papa ndiyo yaliyokuwa bora. Katika Kiswahili mafuta hayo ya maini ya papa huitwa sifa. Mafundi wa majahazi walipaka sifa sehemu za juu za chombo. Sehemu zinazokaa majini walizipaka mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ambao hukinga mbao zisiingiwe na maji wala kuliwa na wadudu wa baharini. Mchanganyiko huo ndio uitwao deheni. Mianya kati ya mbao ilitiwa kalafati, yaani pamba iliyoloweshwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi. Hivyo basi pamba na mafuta vilikutana katika ubavu wa jahazi, na kazi yao ilikuwa kushindana na maji.

Ulaya elimu hii iliandikwa kwa njia ya hesabu. Mwaka 1805 Thomas Young wa Uingereza alieleza pembe ambayo tone hufanya na uso linaotua juu yake. Chembe za maji huvutana zenyewe kwa zenyewe kwa nguvu kubwa kuliko chembe za mafuta. Basi juu ya uso wenye mvuto hafifu, kama ule wa nta, tone la maji hujikunja kama ushanga, na tone la mafuta hutandaa. Pembe ikizidi digrii 90 twasema kwamba uso unakataa maji. Ikizidi digrii 150 maji hayashiki karibu kabisa. Mwaka 1997 Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis wa Ujerumani walionyesha kwamba jani la yungiyungi hubaki safi kwa sababu lina nta, na pia vijipele vidogo mno visivyoonekana kwa macho.

Kutoka hapo hatua ya kutenga mafuta na maji haikuwa mbali. Mwaka 2004 wanasayansi wa China, akiwamo Lei Jiang, walipaka wavu mwembamba wa chuma cha pua utando wa Teflon, dutu iliyogunduliwa Marekani 1938. Walipomimina maji juu yake yalibaki juu. Walipomimina dizeli ilipita. Baadaye, 2011, kundi la Jiang liligeuza jambo hilo. Kwa kufuata mfano wa magamba ya samaki, walitengeneza wavu unaopenda maji, ambao ukishalowa huyapitisha maji na kuyakataa mafuta. Mabadiliko hayo yalikuwa na maana, kwa kuwa mafuta mazito huziba vitundu vya wavu unaoyapokea. Tahadhari moja yafaa itajwe. Baadhi ya dutu zenye florini zilizotumika kukataa maji hazioki wala haziozi, na mbili kati yake ziliingizwa katika Mkataba wa Stockholm 2009 na 2019. Kwa ajili hiyo watafiti wamerudia kuziangalia nta za mimea, pamoja na pamba.

Sasa turudi kwa mfasiri wetu. Wako wanaopendekeza "haidrofobia". Neno hilo lina dosari mbili. Kwanza, madaktari walikwisha litumia kwa dalili ya kichaa cha mbwa, ambapo mgonjwa huogopa maji. Pili, maana yake ya Kigiriki ni woga, na pamba haina woga. "Kisichopitisha maji" nalo ni neno zuri, ila mahali pake ni kwenye turubai na koti la mvua. Ninapendekeza basi "deheni" kwa utando wowote unaopakwa ili kubadili mwenendo wa uso mbele ya maji au mafuta. "-Nayokataa maji" na "-nayokataa mafuta" kwa tabia ya kufukuza. "-Nayopenda maji" na "-nayopenda mafuta" kwa kinyume chake. Kitambaa cha yule mfasiri kitakuwa "kitambaa chenye deheni inayokataa maji na kupenda mafuta".

Yaweza kusemwa kwamba deheni ni neno la mafundi wa pwani, na kwamba maana yake ni shahamu na chokaa tu. Lakini kifaru kilikuwa mnyama kabla hakijawa gari la vita, na hakuna askari aliyewahi kuvichanganya viwili hivyo.

Jambo hili si la kamusi peke yake. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilometa 1,443, na sehemu kubwa yake imo katika ardhi ya Tanzania. Popote mafuta yapitapo huandikwa maelekezo ya hatari, na maelekezo hayo husomwa na watu wa vijijini kwa Kiswahili. Siku mafuta yatakapofika kisimani, msomaji hatakuwa na muda wa kukisia maana. Walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na mafundi wa majahazi waulizwe kabla hatujayathibitisha.